Sehemu ya Pili Ilikuwa Mbeya

Mimi sikuwa mpenzi wa sinema, niliolewa nayo. Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Iringa mjini, mashine yake ikiwa kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa, na kila Jumapili alasiri alivaa koti lake la kijivu akaenda kutazama picha. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilibaki nyumbani na mama yake. Mwezi wa pili nikaona afadhali picha.

Si kwamba mama mkwe alikuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na Kiswahili kizuri mno. Yeye alizaliwa Iringa, lakini wazazi wake walipanda kutoka pwani na biashara ya chumvi na nguo, na lugha yao waliileta nzima, haikumwagika njiani. Mimi nilikuwa Mhehe wa upande wa Kalenga, Kiswahili changu nilikiokota sokoni. Nikisema "kitanda yangu," yeye alirudia taratibu, "kitanda changu," na kama kulikuwa na wageni alirudia mara mbili.

Jumapili moja ya masika tulikuwa tunatoka, mara akatokea mlangoni amekwisha kuvaa buibui.

"Nami nakuja," alisema. "Nikaone hicho kinachowatoa nyumbani kila wiki."

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Siku hiyo ilikuwa picha ya Mwenye Shuka. Ilikuwa na jina lake la Kiingereza, limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, lakini Iringa nzima hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mwenye Shuka kwa sababu alijifunga nguo ndefu shingoni, ikaning'inia mgongoni mpaka kwenye mashavu ya miguu, na akikimbia ilipepea kama kitu kilichoanuliwa haraka mvua inakuja. Macho aliyafunika kwa kinyago cheusi. Mwilini alivaa kitu kama fulana iliyoanzia shingoni ikaishia vidoleni, na juu yake kaptula ndogo ambayo, kwa maoni ya mume wangu, ilipaswa kuwa ndani. Alikuwa na nguvu za wanaume ishirini. Chuma alikipinda, lori alilisimamisha kwa kiganja. Mchana alivua vyote akawa fundi saa, mpole, mwenye haya, anayeangusha skurubu sakafuni na kuzitafuta kwa magoti.

Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo mwenye ukumbi aliajiri mfasiri. Alikuwa bwana mrefu mwenye sauti nzuri, akisimama juu ya sanduku kando ya pazia jeupe la picha na fimbo mkononi, akimgusa kila mtu wa kwenye picha usoni kwa ncha ya fimbo na kutueleza.

"Huyu binti anayefanya kazi kwenye duka la saa ni dada yake Mwenye Shuka," alisema. "Walitenganishwa wakiwa wadogo. Binti hajui. Na huyu mnene mwenye sigara ni baba yao mdogo. Ndiye aliyewadhulumu shamba la marehemu baba yao."

Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa ameegemea ukuta akisubiri kuudhika, aliketi wima.

"Baba mdogo?" aliuliza kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

"Baba mdogo hasa, mama."

"Nilijua. Nilimjua tangu alivyoingia."

Alikuwa na shemeji yake mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye hawakuamkiana naye kwa miaka mingi kwa ajili ya kiwanja. Tangu dakika ile picha ikawa yake. Baba mdogo alipocheka, alimtukana. Mwenye Shuka alipotokea darini, alimwonyesha upande adui aliko. Mimi niliona ni picha nzuri, ndefu kidogo. Nilipenda zaidi mahali alipokuwa anatafuta zile skurubu.

Mwishoni baba mdogo alimfungia Mwenye Shuka ndani ya kinu cha zamani cha kusagia unga kando ya mto, akafungulia maji. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, yakagusa kinyago. Kisha mwanga ukabadilika, yakaja maandishi.

"Inasema itaendelea," mfasiri alitangaza. "Sehemu ya pili."

"Lini?" mama mkwe aliuliza.

"Haikusema lini, mama."

"Wamemwacha mtu kwenye maji hawakusema lini?"

Sehemu ya pili haikuja mwezi uliofuata, wala wa tatu. Mwenye ukumbi alisema mikanda iko Dodoma. Baadaye alisema iko Nairobi. Baadaye alituomba tusimuulize tena tukikutana naye sokoni. Mume wangu aliumia kimyakimya, kwa namna ya kifundi: alikuwa anataka kujua ile shuka imeshikizwaje begani, maana sehemu ya kwanza haikuonyesha kishikizo wala mshono, na alikuwa na vipande vya kaniki ambavyo alivifunga shingoni kwake kila namna asipate jibu. Mama mkwe aliumia kwa sauti. Siku moja alikwenda kwa mwalimu wa madrasa kuuliza kama inafaa kumwombea dua mtu wa kwenye picha.

"Ni Mwislamu?" mwalimu aliuliza.

"Sijui. Amefunika uso."

Mwalimu alimwambia amwombee kwa ujumla, pamoja na wasafiri wote.

Ikafika barua kutoka Mbeya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliolewa na mwenye duka dogo huko Iyunga. Mume wangu alitusomea: amejifungua salama, mtoto wa kiume, ana nywele nyingi, mama aje amwone. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanwa kwenye ukingo wa karatasi: "Tena mwambie mama yule Mwenye Shuka wake yuko huku. Ataonyeshwa Jumamosi mbili mfululizo."

Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mjukuu," alisema. "Lazima nikamwone mjukuu wangu."

"Utakwenda lini, mama?"

"Hizo Jumamosi alisema zinaanza lini?"

Mume wangu alikuwa na suruali ya bwana harusi mezani, imekatwa haijashonwa. Alimwachia fundi mwenzake wa mashine ya pili, akamwelekeza pindo, na alfajiri ya Ijumaa tulikuwa kwenye basi sote watatu. Nilipouliza kwa nini na mimi naenda, mama mkwe alisema mtu wa kubeba vikapu lazima awepo.

Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu, na kutoka Iringa mpaka Mbeya ulimaliza siku nzima. Mufindi akapanda mzee mmoja aliyevaa koti na kofia, kitabu cha nyimbo amekifunga kwenye leso. Alitusalimu, "Kamweneni," ingawa si Mhehe, akaketi karibu na mume wangu. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa milimani juu ya mji wa Mbeya, na alitoka kumtembelea binti yake aliyeolewa Igowole. Aliuliza sisi tunakwenda kufanya nini Mbeya. Mama mkwe akasema kumwona mjukuu. Mume wangu, ambaye hajui kudanganya, akasema sinema.

Basi akaanza kumsimulia sehemu ya kwanza, na aliisimulia kwa mikono miwili. Tulipofika njia panda ya Ubaruku, wanawake wakapanda na mifuko ya mchele, na bado Mwenye Shuka alikuwa hajaingia kwenye kinu, kwa sababu mama mkwe alikuwa anamsahihisha mwanawe kutoka nyuma. Wale wanawake wa mchele wakaanza kusikiliza. Konda naye akasogea. Mzee wa kanisa alisikiliza kwa makini sana, mikono juu ya kitabu chake, halafu akauliza:

"Huyu bwana, hiyo nguo yake ya kubana, nani anamfulia?"

Katika miezi yote ile mume wangu hakuwahi kulifikiria. "Sijui, mzee. Hana mke. Nadhani anafua mwenyewe."

"Basi ni mtu mwema," mzee alisema. "Amebatizwa?"

"Hilo nimelifuatilia mimi," mama mkwe alidakia. "Halijulikani."

Tulipofika Mbeya jioni, baridi ilitupokea kabla ya wifi. Mtoto alikuwa na nywele nyingi kweli. Bibi yake alimpakata, akamwombea, akamtafutia mfano wa marehemu babu yake puani akaupata, akamla mabusu miguu yote miwili. Asubuhi akampakata tena. Adhuhuri akaswali mapema, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema, "Sasa mwache alale. Wanaanza saa tisa, si ndiyo?"

Ukumbi wa Mbeya ulikuwa mabati juu na mabenchi chini, na watu walikuwa wamejaa. Mstari wa mbele niliwaona wanawake wawili wa mchele wa kwenye basi. Mzee wa kanisa naye alikuwapo, kofia magotini. Alitusalimu kwa kichwa kama mtu aliyekuja kusimamia jambo. Alisema amekuja kwa sababu usiku alishindwa kulala akimfikiria mtu aliyeachwa ndani ya maji.

Mfasiri wa Mbeya alikuwa mtu mwingine kabisa. Kijana mfupi, mchangamfu, Mnyakyusa, Kiswahili chake kama changu. "Ndaga fijo, asanteni sana, karibuni wote," alisema. "Hii picha ni kali. Leo mtaona mambo."

Taa zikazimwa, na matatizo yakaanza papo hapo.

Kwanza, Mwenye Shuka hakuwa yeye. Mimi nisingejua, kwangu mtu aliyefunika uso ni mtu aliyefunika uso. Lakini mume wangu alishika mkono wangu. "Siye," alininong'oneza. "Tazama mabega. Yule kifua chake kilikuwa inchi arobaini na mbili. Huyu hafiki thelathini na nane. Na shuka wameipunguza."

"Labda amekonda," nilisema. "Kakaa kwenye maji."

"Mtu hakondi mabega."

Pili, ule mlango. Walituonyesha kinu kile kile, maji yale yale, na kumbe nyuma yake, ukutani, kulikuwa na mlango. Mwenye Shuka alisukuma tu akatoka. Ukumbi wote ulilipuka kwa shangwe isipokuwa mume wangu, aliyesimama akasema, "Mlango ule haukuwapo! Nilitazama ukuta ule kila pembe, haukuwapo!" Watu wa nyuma wakamwambia aketi. Mama mkwe yeye hakujali mlango. Alikuwa analia kwa furaha. "Katoka," aliniambia. "Umemwona? Katoka mzima." Akanikumbatia. Tangu niolewe hakuwahi kunikumbatia.

Furaha hiyo ilidumu kama robo saa. Akaja yule binti wa duka la saa. Mwenye Shuka akasimama karibu naye dirishani, akamshika mkono. Mfasiri akainua fimbo.

"Sasa tazameni. Hapa anamwambia mchumba wake, nitakuoa mwezi ujao."

Nilisikia buibui likiinuka pembeni yangu.

"Astaghfirullahi!" mama mkwe alipaza sauti. "Ni dada yake!"

"Hapana mama, kaa chini. Ni mchumba."

"Dada yake, baba mmoja mama mmoja! Walitenganishwa wakiwa wadogo! Sisi tumetoka Iringa, tumeona sehemu ya kwanza!"

"Mama, na sisi tumeona sehemu ya kwanza hapa hapa. Mchumba."

"Nani kakwambia?"

"Mimi natazama macho yake, mama. Mtu hamtazami dada yake hivyo."

Wanawake wa mchele, ambao habari yote waliipata kwenye basi, wakasimama upande wa Iringa. Upande wa kulia, vijana wa Mbeya wakasimama upande wa mchumba. Mtu mmoja akasema kama ni dada basi picha ipigwe marufuku. Mwingine akasema watu wa Iringa warudi kwao na dada yao. Mume wangu, aliyekuwa bado na uchungu wa mlango, akasema hata hivyo huyu si kaka wala si mchumba, ni mtu mwingine kabisa wa inchi thelathini na nane, na hilo likawakasirisha wote pande mbili. Mashine ya picha ikasimama. Milango ikafunguliwa, mwanga wa alasiri ukaingia, na mwenye ukumbi, mzee wa Kihindi mwenye sweta mbili, akaja mbele akiuliza kelele za nini.

"Baba, hapa kaka anamwoa dada," mama mkwe alimshtakia.

Mzee alitazama pazia jeupe lisilo na kitu. "Picha ni picha, mama," alisema kwa unyonge.

Hapo mzee wa kanisa akainuka. Alikohoa. Alisema, kwa adabu, kwamba ujanani alipika miaka kumi na mmoja kwa Wazungu wachimba dhahabu kule Lupa, na Kiingereza anakisikia chote, mpaka cha matusi. Kama wenyewe wanakubali, yeye atatuambia kinachosemwa, asiongeze wala asipunguze.

Tulipiga makofi. Mfasiri alishuka kwenye sanduku, akampa fimbo kwa heshima. Mashine ikaanza tena, wakarudisha mkanda nyuma kidogo. Mwenye Shuka akasimama dirishani na binti. Mzee akainamisha sikio.

"Bwana anasema, 'Mvua imekatika,'" alitangaza. "Mama anasema, 'Ndiyo. Imekatika.' Bwana anasema, 'Basi nitakwenda.' Mama anasema, 'Zile saa za wateja bado hazijakwisha, kesho uje mapema.' Bwana anasema, 'Nitakuja.'"

Watu walisubiri aendelee.

"Ndiyo hivyo?" mama mkwe aliuliza. "Na ule mkono?"

"Anamuaga. Huyu si dada na si mchumba. Ni tajiri wake. Ndiye mwenye duka, bwana ameajiriwa naye."

"Na baba mdogo je?"

Mzee alisikiliza kidogo yule mnene, aliyekuwa sasa anazungumza na simu. "Huyu si ndugu yao. Ni mtu tu."

"Mtu tu!" Mama mkwe aliketi chini kama aliyepewa habari ya msiba. "Yaani wanapigana hivi, wanafungiana kwenye maji, na hata si ndugu? Watu wasiojuana wapigane hivi kwa ajili ya nini?"

Mzee aliendelea kufasiri, haki tupu, bila kuongeza wala kupunguza. Mwenye Shuka alirusha gari mtoni, na mzee akatuambia, "Anasema, 'Ondokeni hapo.'" Polisi wakaja. "Wanasema, 'Gari liko wapi?' Anasema, 'Liko mtoni.'" Dakika ishirini za ukweli huo zilituchosha kuliko safari ya basi. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele alilala. Hatimaye wale wale vijana wa Mbeya waliopigania mchumba wakaanza kuomba mfasiri wao arudi, na mzee mwenyewe, akipangusa jasho, alisema kwa kweli na yeye angependa kusikia inavyokuwa.

Mfasiri alikataa kupanda mpaka wakubaliane na mama wa Iringa. Wakazungumza mbele ya watu wote, yeye kwenye sanduku, mama mkwe kwenye benchi, kama washenga.

"Dada siwezi, mama. Mbele huko watakumbatiana, nimeiona Jumamosi iliyopita."

"Na mchumba baki siwezi mimi. Lazima pawe na udugu. Bila udugu huyu mnene hana sababu."

"Binti wa mjomba?"

Mama mkwe alifikiri. "Binti wa mjomba anaolewa," alikiri. Na mimi, kwetu pia anaolewa, nikatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Lakini mzee wa kanisa aliruka. "Binti wa mjomba! Kwetu milimani huyo ni dada! Tutakuwa tumerudi pale pale!" Na nusu ya ukumbi, watu wa milimani wote, wakamuunga mkono.

Mfasiri alishika kichwa. "Jamani, basi. Ni binti wa mjomba, na hamwoi. Anamshukuru tu. Amechangia kumtafuta huyu mnene, ambaye ni baba mdogo wa pande zote mbili. Naomba tuendelee, jua linazama."

Tukaendelea. Sina budi kusema, ilikuwa picha nzuri tena mara moja. Baba mdogo alikamatwa darini mwa stesheni. Mama mkwe alimpa maneno ambayo nilijua hayakuwa yake peke yake huyo mnene. Shuka ilipepea vizuri ingawa fupi. Ikafika mwisho, yule mwanamke wa duka akamsogelea Mwenye Shuka, uso kwa uso, na ikawa wazi hata kwangu kwamba shukrani ile itakuwa kubwa kupita kiasi.

Hapo mkono ukatokea. Mkono mweusi, mkubwa kama nyumba, ukafunika pazia lote, vidole vitano kila kimoja kama nguzo ya simu. Watu wakapiga yowe. Mama mkwe alinishika kwa nguvu.

"Huyo ni nani tena?"

Mfasiri hakupoteza hata nukta moja. "Huo ni mkono wa serikali!" alisema. "Umekuja kusimamia amani."

Kumbe alikuwa yule mzee wa sweta mbili, ameweka kiganja chake mbele ya taa ya mashine ili asiletewe kesi nyingine. Mkono ulipoondoka, wawili wale walikuwa wamesimama mbalimbali, wanatabasamu, na maandishi ya mwisho yakaja. Tulipiga makofi sote, Iringa na Mbeya.

Nje palikuwa na baridi kali, mlima umefunikwa na wingu. Mzee wa kanisa alituaga, akampa mume wangu mkono kwa mikono miwili, akasema kesho kanisani atamwombea Mwenye Shuka apate suruali ya heshima. Mama mkwe alikwenda mbele na wanawake wa mchele akiwaeleza sehemu waliyoiona pamoja. Mume wangu alitembea nyuma nami, akisukuma mawe kwa ncha ya kiatu. Nilidhani ni ule mlango.

"Wangetuambia tu," alisema mwishowe. "Kwamba yule wa kwanza hayupo tena. Labda ameugua. Labda amekufa. Badala yake wanamvalisha mtu nguo zake, sisi tunyamaze."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha. Baba yake alikuwa fundi kabla yake, kwenye baraza lile lile, na wateja wa zamani walikuwa bado wanamwita yeye kwa jina la baba yake. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kila siku nikidhani ni heshima. Nikamshika mkono pale barabarani, jambo lisilofanywa, mpaka tulipoona taa za Iyunga.

Mimi nilichotoka nacho kilikuwa kingine. Katika zile dakika ishirini ambazo kila mtu alichoka, nilikuwa macho peke yangu. "Zile saa za wateja bado hazijakwisha, kesho uje mapema." Mwanamke kavaa sketi, ana funguo za duka mkononi, anamwambia hivyo mwanaume anayesimamisha lori kwa kiganja, na mwanaume anasema nitakuja. Nilitamani mzee asishuke kwenye sanduku. Nilitaka kujua duka alilipataje.

Tulikaa Mbeya wiki moja kwa ajili ya mtoto. Tuliporudi Iringa, mama mkwe alisimulia sehemu ya pili mtaa kwa mtaa, na kwake ile picha ilikuwa ya mkono: mkono wa serikali uliotoka mbinguni ukamrudishia yatima shamba lake. Watu walitoka machozi. Hata yule shemeji alisikia, nikaambiwa, na siku ya Idi alileta sinia la tambi. Kiwanja hakukirudisha.

Mimi nilimwambia mume wangu anifundishe cherehani. Alicheka, akasema wanawake wanashona kwa mkono. Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele, hakucheka.

"Mfundishe," alisema. "Mchana kutwa anakaa hapa ananitazama. Nami nimechoka kutazamwa."

Alinifundisha jioni, baada ya wateja kuondoka, kwa mabaki ya kitambaa. Wiki ya kwanza sindano ilipita kwenye ukucha wangu. Wiki ya nne nilishona kaptula ya shule yenye miguu miwili ya kushoto, naye akaitundika ukutani ili afurahishe mafundi wenzake. Mwaka ulipogeuka nilikuwa na mashine yangu, ya mkono, kwenye ncha ya baraza upande wa jua.

Mteja wangu wa kwanza hasa alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyetaka blauzi ya Jumapili. Nilikosea mkono mmoja. Nikaufumua mbele yake, nikaushona, nikaukosea tena, naye ameketi kwenye kiti cha mume wangu anakunywa chai, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, haniambii kitu. Alipoivaa ilimbana kwapani upande wa kulia. Aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena, akasema itaachia. Mwezi uliofuata alirudi na kitambaa kingine.